Uchovu wa Bwana Ndege

Nyumba ya wageni, chumba namba 14
9 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao huvimba nikikaa kwenye kiti zaidi ya saa nne. Juma hili nimekaa kwenye viti saa kumi na tisa. Magoti ya Mama yanasemaje? Na binti yangu, bado anapita hapo dukani akitoka shule? Nilimpigia Jumapili akasema "nipo sawa Baba", mtandao ukakatika. Au alikata yeye.

Uliniambia niache kupiga simu, niandike, kwa sababu kwenye simu nadanganya haraka. Sawa. Hapa nitadanganya polepole.

Nimefanya hospitali tatu. Ya kwanza, panya walikuwa wamekula waya wa mashine ya eksirei. Ya pili, ubao wa umeme uliungua. Ya tatu mashine haikuwa na ubovu wowote: mtu alichomoa plagi ili achaji simu, akasahau kuirudisha. Nimesafiri siku nzima, ndege na basi, kwenda kuchomeka plagi. Mganga mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Fundi, una mikono ya dawa."

Getini, mlinzi aliangalia begi langu lenye vibandiko vya viwanja vya ndege. "Wenzetu mnakula nchi," akasema. Nikamwambia begi ni zito, tubadilishane. Alicheka sana, lakini hakulipokea.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita niliomba nihamishiwe karakana ya kampuni, hiyo iliyopo hapo mjini kwetu. Kazi ni kutengeneza sehemu zinazoletwa na kufundisha mafundi wapya. Hakuna safari. Idara ya utumishi hawajibu maombi kwa simu. Wamesema barua itakuja kwenye sanduku langu la posta, nalo ni lako, sijawahi kulibadilisha tangu nianze kazi. Wifi yako anajua, na sasa wewe unajua. Mama asijue kwanza. Ukiona bahasha yenye nembo ya kampuni, ifungue na unipigie siku hiyo hiyo. Hilo tu ndilo la simu.

Barua zako nyingine mtumie Kufuli, mtunza stoo wetu makao makuu. Huwa anazitia ndani ya kifurushi cha vipuri kinachonifuata hospitali hadi hospitali. Hairuhusiwi, lakini hakuna njia ya uhakika kuliko hiyo.

Nimechoka, Dada. Miaka minane inatosha.

Mdogo wako


Dukani
24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti ya Mama yanasema mvua itanyesha, na yamekuwa yakisema hivyo tangu mwezi wa kumi na mbili. Wifi ana mafua, hana neno jingine. Binti yako anapita kila siku. Nimemshushia pindo la sketi mara mbili mwaka huu na kitambaa cha kushusha kimekwisha. Jana alikaa kwenye cherehani ya pili akashona mstari ulionyooka kuliko wangu. Sikumsifu, asije akavimba kichwa.

Hapa wanakuulizia. Mke wa mwalimu mkuu alikuja kupimwa gauni akasema, "Bwana Ndege yuko nchi gani sasa?" Nikataja mji wa juma lililopita, maana wa juma hili siujui. Wateja wote wakasema "mmh" kwa pamoja, kama kwaya. Fundi viatu wa jirani akadakia kule nje, "Yule hata akifa, ataenda akhera kwa tiketi ya ofisi!"

Usikasirike na ninalokuambia. Mume wangu alipoondoka, mtaa huu uliacha kunisalimu kwa jina. Nikawa "yule aliyeachwa". Wewe ukaanza kupanda ndege, wakaanza kuniita dada yake Bwana Ndege. Si cheo, najua. Lakini nimekivaa miaka minane na kinanikaa.

Karakana ni pale penye geti la bati, wanakotoka watu na oili kwenye viganja. Watu hawatasema umeomba, watasema umeshushwa. Na kuchoka, nani hajachoka? Mimi nakaa kwenye cherehani tangu alfajiri, na mgongo wangu hauletewi chai na mtu aliyevaa tai. Lala siku mbili, itapita. Mtembezi hula miguu yake, ndiyo, lakini wengine hatuna hata hiyo miguu ya kula.

Sandukuni nimekuta bili ya maji na kalenda ya duka la vitambaa. Nitaendelea kuangalia.

Dada yako


Hosteli ya wauguzi, kitanda cha kuazima
18 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako nimeipata jana, imeviringishwa kwenye sponji pamoja na tyubu ya mashine. Kifurushi kilinikosa hospitali mbili. Mganga wa zamu aliona naisoma akauliza kama ni maelekezo ya matumizi.

Nilikuwa nyumbani tarehe 5 na 6. Mama alisema umekwenda kununua vitambaa. Siku zote mbili?

Nilipofika nilitaka maji. Nikafungua kabati ambalo limekuwa la glasi miaka yote, nikakuta daftari za shule. Binti yangu akanionyesha glasi zilipo sasa, kwa adabu sana, kama anavyoonyeshwa mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu huwa nimeshapanda basi, kwa hiyo jembe la nyumba yangu sijawahi kulishika.

Kwenye ndege nilikaa na mama mmoja anayeuza dawa kwa jumla, naye anazunguka kama mimi. Hatukusemeshana hadi tulipokaribia kutua, akaniuliza, "Na wewe kwenu wanadhani unastarehe?" Nikasema ndiyo. Akafunga mkanda. Hayo ndiyo mazungumzo marefu niliyofanya juma lile, ukiacha ya mashine.

Unauliza watu watasema nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka jana nilipiga hesabu: nimelalia vitanda mia moja na arobaini na sita. Kunguni wengine tunasalimiana.

La muhimu. Kufuli ameulizia kwa siri. Barua za uhamisho zilitoka katikati ya Februari, na mwenzetu mmoja ameshapata yake. Angalia tena. Uliza posta kama haikutumbukia kwenye sanduku la jirani. Nipigie simu, hata kama ni kusema hakuna.

Mdogo wako


Dukani
30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, wifi mzima, binti yako kapata ya pili darasani na kanuna kwa sababu si ya kwanza.

Nina sare mia moja na ishirini za shule, zinatakiwa shule zikifunguliwa, na msaidizi wangu kaenda kujifungua. Wameleta kitambaa cha bluu ambacho si bluu ile. Nimewarudishia, wamekirudisha. Mwalimu mkuu anasema bluu ni bluu. Nikamwambia basi na shati lako jeusi ni jeupe.

Umeme unakatika hapa kila saa nane mchana, nashonea cherehani ya miguu.

Tutazungumza ukija.

Dada yako


Nyumba ya wageni, chumba namba 3
14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwambie binti yangu ya pili ni kubwa. Mwambie pia baba yake hajawahi kufika ya pili.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Nilikuuliza jambo moja, na wewe umenijibu kuhusu bluu. Nimeliacha. Kuna jingine ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu.

Tarehe 27 Machi nilitengeneza mashine ya hospitali kubwa ya mjini. Tarehe 28 nilikuwa hospitali ya wilaya, mwendo wa saa saba kwa basi. Asubuhi ile nilipoamka nilishuka mapokezi nikamwuliza binti wa pale, huu ni mji gani. Akacheka: "Baba, jana ulipiga ngapi?" Sikuwa nimepiga hata moja.

Vyumba vyote viwili vya eksirei vimepakwa kijani kilekile, na vyote vina saa ya ukutani iliyosimama. Utaratibu wetu ni huu: fundi akimaliza, anapima mionzi mara tano, anaandika namba tano, anaweka saini. Bila saini hiyo hakuna mgonjwa anayepigwa picha. Tarehe 28 nilimaliza kazi, nikafungua daftari langu, nikakuta namba tano kwa mwandiko wangu. Nikajiambia nimeshapima. Zilikuwa za jana yake. Nikazinakili kwenye karatasi yao, nikasaini, nikaaga, nikaenda stendi.

Niligundua tarehe 6 Aprili nikipanga nakala. Karatasi mbili, namba zilezile hadi nukta ya mwisho. Mashine mbili hazifanani hivyo hata zikizaliwa pacha. Nikapiga simu. Mpiga picha wao, mama mmoja mtulivu, akasema, "Fundi, mbona picha zinatoka nyeusi? Tunarudia na kurudia, tukajua tatizo ni sisi."

Nilirudi siku hiyo. Mashine ilikuwa inatoa mionzi karibu mara mbili ya inayotakiwa. Kwa siku tisa wamepigwa watu sitini na mmoja, na ishirini na wawili kati yao walirudiwa. Mmoja ni mtoto wa miaka mitatu. Alipigwa mara tatu kwa sababu alikuwa hatulii. Mganga mkuu wao anasema kwa kiwango kile hakuna atakayeugua. Huenda ni kweli. Sikwenda kuuliza mtu mwingine, naye hakunishauri niende.

Kufuli alinisihi ninyamaze. "Nani atajua? Badilisha karatasi, bwana, maisha yaendelee." Nimeandika kwa mkuu wangu na kutaja kila kitu, pamoja na namba.

Katika miaka minane sijawahi kusaini nisichopima. Nataka ujue hilo. Sitaki kusema nini kingekuwa kama nini kisingekuwa.

Mdogo wako


Dukani
22 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu za kukupa.

Barua yako kutoka utumishi ilifika tarehe 20 Februari. Imo ndani ya bahasha hii. Nilikata bahasha yake kwa mkasi wa kitambaa, ule ambao simruhusu mtu kukatia karatasi. Wamekubali. Wanataka jibu kufikia tarehe 31 Machi, usipojibu nafasi apewe mwingine.

Niliitia kwenye kopo la vifungo. Nilipokuandikia habari za bili ya maji ilikuwa kwenye kopo. Ulipokuja tarehe 5 sikwenda kununua vitambaa. Nilikuwa kwa shoga yangu mtaa wa pili, nimekaa sebuleni kwake nikisubiri uondoke. Tarehe 30 niliitoa, nikaisoma, nikaona imebaki siku moja. Nikaketi nikakuandikia kuhusu sare.

Sikuwa na ubaya na wewe. Nilifikiri uchovu wako ni kama wa watu wote, unalala unaamka umepungua. Na niliogopa kurudi kuwa yule aliyeachwa. Nimejaribu kutafuta sababu iliyo nzuri kuliko hiyo, na nimekuwa na siku nyingi za kutafuta. Hakuna.

Tangu nisome barua yako, kila mteja anayesimama mbele yangu na mikono juu nimpime kifua, nawaona wale sitini na mmoja. Jana nilipima mtu mmoja mara mbili, nikasahau kuandika, nikampima tena. Akasema, "Vipi, nimenenepa hapa hapa?"

Mama nimemwambia, kuanzia ombi lako hadi kopo la vifungo. Alihamisha kiti chake akakaa upande wa pili wa chumba. Wifi sijamwambia. Ukitaka nimwambie mimi, nitakwenda kesho.

Barua hii haiji kwa kifurushi. Nimemwomba Kufuli akupe mkononi, maana kaniambia kwenye simu kuwa umeitwa makao makuu.

Dada yako


Makao makuu, chumba cha stoo
6 Mei

Dada,

Zimefika zote mbili, yako na yao.

Karakana wamempa mwingine tangu tarehe 3 Aprili. Nimemwona hapa makao makuu. Ni fundi mzuri, sina la kumlaumu.

Mkuu wangu aliniita kuhusu ile karatasi. Adhabu ni miezi mitatu bila ruhusa ya kusaini, nikae stoo na Kufuli, kisha nirudi njiani kama kawaida. "Wewe ni mtu wa kuaminika," akasema, "wengine wasingejiripoti." Nikamwambia nilichoka, ndiyo maana nilikosea. Akacheka kidogo. "Ungekuwa unakaa ofisini na mafaili haya ungejua kuchoka. Sisi tunawaonea wivu nyie." Alisema kwa nia njema. Ratiba ya Agosti ilikuwa tayari mezani, imeshachapwa: hospitali kumi na moja. Niliisoma hadi chini, nikamrudishia.

Nimeacha kazi. Sina nyingine. Nakabidhi vifaa hadi mwisho wa mwezi.

Wifi yako nimemwambia yote, na lako pia. Akauliza kama nakuja na begi lote au nusu.

Nina hasira na wewe na haitaisha kwa barua. Kwa hiyo siandiki ili tupatane. Naandika kukuomba kitu kimoja. Wakikuuliza, usiseme niko likizo. Usiseme nimepandishwa, nimepelekwa kozi, au nasubiri kazi kubwa zaidi. Usitaje mji wowote. Sema ameacha kazi, amechoka. Usiongeze neno.

Usipoweza nitajua. Mtaa huo haujawahi kutunza siri.

Mdogo wako


Dukani
19 Mei

Mdogo wangu,

Wote wazima. Sare zimekwisha, kwa bluu ile ile ya makosa.

Juzi alikuja mke wa mwalimu mkuu na wenzake wawili. Nilikuwa namkunjia pindo, pini ziko mdomoni. Akauliza kama kawaida yake, "Bwana Ndege yuko nchi gani?" Zamani nikiwa na pini mdomoni nilikuwa nanyoosha tu mkono mbali, wanajijazia wenyewe. Nikazitoa zote, nikazichoma kwenye mto wa pini. Nikasema, "Ameacha kazi. Amechoka."

Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Fundi viatu akasikia kule nje. "Amefukuzwa, eh?"

"Hapana. Amechoka."

"Amechoka na nini? Mtu anakaa kwenye kiti anapelekwa!"

Wale wanawake wawili wakacheka. Nilikuwa na maneno kumi ya kumjibu, unanijua. Ulisema nisiongeze. Nikarudi kwenye pindo. Wewe hujui ni kazi gani hiyo.

Mke wa mwalimu mkuu akainama akaniambia, "Pole, mwaya." Ile sauti naijua. Ndiyo aliyoniambia nayo siku mume wangu alipoondoka, na pole yake ilidumu miaka minne. Gauni lake la pili amesema atalifikiria.

Nikamaliza pindo, likatoka sawa. Wakaondoka. Wote mtaani wameshajua, na jana aliyenisalimu kaniita fundi. Si vibaya. Ndiyo kazi ninayofanya.

Nilipowaona wamefika mbali nikaingia ndani. Mama alikuwa amejilaza, usingizi wa mchana, lakini macho yako wazi. Bado hanisemeshi vizuri. Nikamwambia unafika tarehe 31.

Akainuka hapo hapo, anatafuta kandambili, anasema mashuka, anasema kuku, anasema nani atakwenda sokoni. Akaniuliza, "Anaondoka lini?"

Nikamwambia, "Haondoki, Mama."

Akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda, kandambili moja mguuni. Kisha akaivua.

"Basi hakuna haraka," akasema, akajilaza tena.

Dada yako